Bunduki Iliyomzidi Shemeji

Mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua, risasi yake huenda chini na kushoto. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililijua kwa kuhesabu matundu kwenye ubao wa shabaha nyuma ya karakana, miaka kumi na miwili nikitengeneza bunduki za wawindaji.

Mume wa dada yangu, mwindaji wa kambi yetu, alichagua bunduki nzito kuliko zote kabatini. Mimi nilikuwa nimemwekea mezani ile ya wastani.

"Hii ya sungura, shemeji?" akacheka. "Wenzangu watanionaje?"

"Watakuona mzima."

Siku ya kujaribu shabaha nilimchanganyia risasi moja isiyo na baruti, bila kumwambia. Alipoifikia, bunduki ililia tak tu, lakini mtutu ulishtuka ukazama. Macho alikuwa ameyafumba kabisa. Juu ya jicho la kulia alikuwa na kovu, mahali darubini ilipompasua mwaka uliopita bunduki iliporudi nyuma.

Akaelewa nilichofanya. "Usimwambie mkuu wa kambi," akasema polepole. "Akinitoa porini, nitamwambia nini dada yako?"

Sikumwambia mkuu. Nilipangusa mtutu mpaka ukakauka, kwa sababu mafuta yakibaki ndani risasi ya kwanza hupotea njia. Kisha nikaenda naye, nimebeba ile ya wastani.

Asubuhi mgeni tuliyemwongoza kuwinda alimpiga nyati tumboni. Nyati aliyejeruhiwa haachwi, na kumfuata ilikuwa kazi ya shemeji. Tuliingia kichakani wawili, tukifuata damu iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa.

Nyati alitoka ubavuni kwetu. Mbavu zangu nilizisikia zikivunjika kabla maumivu hayajafika. Pembe ikazama pajani, ikanirusha, bunduki ikanitoka. Nikaanguka chali, naye akapiga magoti juu yangu, akinisaga kifua kwa paji la uso. Mate yake na damu yangu vilinijaa kinywani.

Hatua sita kutoka hapo, shemeji aliinua bunduki nzito. Alilenga shingo. Chini na kushoto ya ile shingo palikuwa na mguu wangu.

"Lenga juu," nilitaka kusema. Pumzi haikuwepo.

Akafyatua. Kiatu changu kilipasuka, na kilichokuwamo pia. Nyati hata hakugeuka.

Shemeji aliutazama mguu wangu. Akaitupa ile bunduki, akaokota ya wastani, akasogea mpaka mtutu ukakaribia kugusa sikio la mnyama. Safari hii nilimwona macho. Yalikuwa wazi, yanatoka machozi. Mlio mmoja tu, na uzito wote wa nyati ukanilalia.

Hospitali walinikata mguu chini ya goti. Shemeji alikaa kitandani kwangu siku nzima, dada akimtazama kutoka mlangoni.

"Ile ya kwanza," akasema mwishoni, "nilifumba?"

"Sikuona, shemeji. Nilikuwa na shughuli."

Hakucheka. "Nilifumba. Nimemwambia mkuu mimi mwenyewe."

Ile risasi isiyo na baruti bado iko kwenye droo yangu. Kila anayekuja kuchagua bunduki anapewa bila kuambiwa iko ya ngapi. Mimi hukaa kwenye kiti nikiangalia mtutu. Shemeji husimama pembeni, akimwangalia mtu macho.