Chupa ya Sosi ya Marehemu

Mambo yaliharibika Jumapili, tarehe kumi na nne mwezi wa tisa, baada ya chakula cha mchana. Mpaka wanatoa vyombo mezani, Fundi Bomba alikuwa mtu mwenye furaha, kwa kadiri mgane anavyoweza kuwa na furaha. Alikuwa amepika tambi za mchele kwa yai, kabichi na tangawizi, na binti yake amekula sahani nzima akaongeza. Jua halijapoa, binti huyo huyo alikuwa sakafuni chooni, amekumbatia ndoo, uso umemgeuka rangi ya jivu.

"Baba," alisema alipopata nafasi ya kupumua, "leo umetia nini?"

"Kile kile cha siku zote, mama. Kile kile!"

Alijaribu kuinuka, macho yakapinduka, akaanguka kwa ubavu kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Fundi, ambaye amezoea mabomba yanayopasuka usiku na mchana bila kupepesa jicho, alijikuta anapiga kelele mpaka majirani wakagonga mlango.

Binti huyo wanamwita Sindano. Jina alipewa na baba yake utotoni kwa wembamba wake, nalo likamfuata mpaka ukubwani, alipoajiriwa kushona mashati. Miaka yote watu walitania tu kwamba mtoto wa Fundi hanenepi. Kumbe wembamba ule ulikuwa ugonjwa. Mwaka huu ndipo daktari alipowaeleza: mwili wa Sindano hautaki ngano. Mkate, keki, biskuti, tambi za kawaida, vyote marufuku. Ngano ikiingia hata kidogo, mwili unaanza kupigana na utumbo wake wenyewe.

Wengine wangelia. Fundi alipiga makofi.

"Ngano tu? Basi tumepona! Sisi nyumba hii tunakula mchele."

Hakusema uongo. Marehemu mkewe alikuwa mpishi katika hoteli ya vyakula vya Kichina, na kila alichokipika kule alikileta jikoni kwake: wali wa kukaanga na mayai, tambi za mchele, samaki wa mvuke kwa tangawizi, mboga zinazopita motoni haraka haraka zikatoka bado zinalia mdomoni. Fundi alijifunza kwa kusimama mlangoni na kudokoa. Sasa akaliteremsha karai la chuma ukutani, akajifunga kanga ya marehemu kiunoni, akawa mpishi. Wenzake kazini walimcheka. Aliwaambia wacheke vizuri, wasijing'ate.

Lakini hakuanza ovyo. Daktari alitaka kuona anachopikia, naye akakipeleka chote ndani ya kikapu: mchele, tambi, mafuta ya ufuta, siki, na chupa ya sosi ya soya. Hakuwa na imani na watu wa koti jeupe. Mkewe alikata roho kwenye benchi la kusubiri huku mkubwa wa zamu akinywa chai mlango wa pili, na mpaka leo hakuna aliyekuja kusema hata pole. Hata hivyo alisimama pale, kofia mkononi, akisubiri hukumu ya kikapu chake. Daktari, kijana ambaye koti lake lilipigwa pasi na mtu mwingine, aliishika ile chupa ya sosi, akaigeuza, akasoma.

"Hii sawa," alisema, akaisukuma kando. "Endelea nayo."

Maneno hayo tu. Hakueleza kwa nini aliisoma ile chupa kwa makini kuliko vingine vyote. Wakubwa hawaelezi, wanasema sawa, nawe unaondoka.

Sasa Sindano alikuwa kitandani hospitalini, maji yanamwingia mkononi kwa mpira, na daktari yule yule amesimama miguuni pake na majibu ya damu.

"Mzee, ngano inaingia mwilini mwake, tena si kwa bahati mbaya ya siku moja. Inaingia kila wakati. Hapa kuna mtu ananidanganya."

Hakumtazama Fundi. Alimtazama Sindano.

"Mimi?" Sindano alijiinua kwa kiwiko. "Mimi nile kitu kinachoniua?"

"Wagonjwa wengi hushindwa kujizuia," daktari alisema, akaenda kitanda cha pili.

Aibu ya Fundi ni kwamba alimwamini. Alimchukia yule kijana na koti lake, akamwamini. Alivuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Mama, niambie tu. Sitakugombeza. Ni mkate? Ni zile biskuti wanazokula wenzako kazini?"

"Baba, sijatia kitu kinywani ambacho hukukipika wewe. Chai yenyewe nakunywa yako."

"Lakini damu..."

"Basi oa hiyo damu, ikupikie."

Mama mdogo wake Sindano, dada wa marehemu, alikuwa dirishani anamenya chungwa. "Shemeji," alisema, "mtoto akikwambia amekunywa maji, wewe unataka kunusa glasi."

Fundi alirudi nyumbani na shaka yake. Aliingia chumba cha binti yake na kuvuta droo ya cherehani, akapekua. Vifungo, chaki, nyuzi, karatasi ya peremende. Akapekua mkoba. Akainua godoro. Hakukuta hata chembe ya mkate, na mama mdogo, aliyefuata nguo za mgonjwa, alimkuta amepiga magoti, mikono mpaka kwenye viwiko chini ya godoro.

"Unatafuta bomba?" aliuliza.

Habari ilimfika Sindano kabla ya jioni. Fundi alipokuja na uji wa mchele ndani ya chupa ya chai, alimkuta amegeukia ukuta.

"Mpe mgonjwa wa jirani," alisema. "Mimi sina njaa."

Siku ya pili hivyo hivyo. Mifupa ya mabega yake ilisimama chini ya shuka, na muuguzi alimwambia Fundi waziwazi kwamba maji ya kwenye mshipa hayalishi mtu, asipokula, hatainuka. Ndipo Fundi alipoamua kumpikia wali wa mayai anaoupenda, wa kuomba msamaha, wenye harufu ya kupita korido nzima mpaka kitandani. Akaliweka karai motoni, akafikia sosi. Chupa tupu. Akazima moto, akaichukua na kwenda dukani kuijaza, kama alivyofanya siku zote, na kama mkewe alivyofanya kabla yake. Chupa ilikuwa nzuri, ya kioo kizito. Mwenye hoteli alimpa marehemu ikiwa na sosi ya wageni ndani, nao hawakuwa watu wa kutupa chupa nzuri.

Mwenye duka alikuwa amechuchumaa anafungua dumu jipya.

"Karibu, Fundi. Mgonjwa vipi?"

Fundi alikuwa anatazama ubavu wa dumu. Kwa kawaida lilikaa nyuma ya kaunta, limefunikwa gunia, bomba tu likionekana. Leo lilikuwa wazi mchana kweupe. Fundi si msomaji mkubwa, maneno marefu humchosha. Lakini pale hapakuhitaji kusoma. Palikuwa na picha. Upande mmoja maharage ya soya. Upande wa pili suke la ngano, la dhahabu, limeinama vizuri kama bibi harusi.

"Hii picha ya nini?"

"Ipi? Hiyo ngano?"

"Ngano inafanya nini kwenye sosi ya soya?"

Mwenye duka alicheka. "Fundi naye! Si ndiyo inayoitengeneza? Soya na ngano, vinachachuliwa pamoja. Ulidhani rangi ile inatoka wapi?"

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini? Tangu sosi iitwe sosi."

Alikaa juu ya gunia la sukari bila kukaribishwa, chupa mkononi. Aliona sahani moja moja: wali wa Jumatatu, tambi za Jumapili, samaki aliyemnyunyizia sosi mara mbili kwa sababu mtoto alisema tamu. Alimwona Sindano akilamba kijiko. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha, kwa mkono wake, huku akiimba.

"Fundi? Fundi, unywe maji?"

Alikwenda hospitalini bila kurudi nyumbani kubadilisha ndala. Alimkuta daktari koridoni, akamsimamishia chupa mbele ya pua.

"Uliisoma hii."

Daktari aliisoma tena. "Ndiyo. Imeandikwa haina ngano."

"Chupa haina ngano. Uliniuliza kilichomo?"

"Mzee... kwani unaijaza tena?"

"Nani asiyejaza chupa?"

Watu wawili waliokuwa kwenye benchi waliinua vichwa. Daktari akatazama chupa, akatazama viatu vyake.

"Ningejuaje?" alisema, kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwa mkubwa yeyote.

"Na mimi ningejuaje? Wewe ulijua sosi huwa na ngano, ukanyamaza. Aliyeruhusu mtu auze sosi imefunikwa gunia alijua, akanyamaza. Mtoto tu ndiye aliyesema kweli, tukamwita mwongo."

Kumwambia Sindano kulikuwa kugumu zaidi. Alisema yote akiwa amesimama, kama mtu aliye mbele ya polisi. Sindano alisikiliza mpaka mwisho.

"Droo yangu, baba," alisema. "Ulipekua droo yangu."

Alianza kula tena, vya hospitali, viazi na ndizi. Rangi ilirudi. Siku aliyoruhusiwa, Fundi aliamka mapema. Karai alikuwa amelisugua kwa mchanga na sabuni mpaka weusi wote wa marehemu ukatoka, na mwiko wa mti ameutia motoni. Sosi hakutaka hata kuiona. Ladha ataitoa kwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Akakanda unga wa mchele kwa maji ya moto, akausukuma mwembamba, akafunga ndani yake kabichi, karoti na yai, vifurushi vidogo vidogo, akavipika kwa mvuke. Vikang'aa kama sabuni mpya.

Mama mdogo alitupa kimoja mdomoni, akafumba macho. "Shemeji, leo umepika kama marehemu mwenyewe."

Sindano alitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Alichukua kifurushi kwa vidole, akakipuliza, akakifikisha midomoni.

Mkono ukasimama.

"Unga umenunua wapi?"

"Sijanunua!" Fundi alisema kwa fahari. "Nimechagua mchele mwenyewe, nikaupeleka kusaga mwenyewe. Nimesimama pale pale mpaka punje ya mwisho. Hakuna aliyeugusa."

"Kwenye mashine ya pale kona?"

"Hiyo hiyo."

Sindano alikirudisha kifurushi kwenye sahani, taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka. Mama mdogo aliacha kutafuna.

"Baba," alisema, "kabla ya mchele wetu, ile mashine ilikuwa inasaga nini?"