Nambari Tasa ya Mwalimu Wekoye

Mwalimu Wekoye na Bhavika hawakuwa wakisalimiana tangu Wekoye apewe uenyekiti wa mashindano ya hesabu ya shule za sekondari. Bhavika, mtoto wa Mhindi mwenye duka la vyuma, anayefundisha wasichana huko Kitale, alisema mbele za watu kwamba kiti kile kilitolewa kwa undugu. Maneno yalimfikia Wekoye shuleni kwake Bungoma, akayaweka moyoni.

Mwaka huu fainali ililetwa Bungoma, kati ya wasichana wa Bhavika na shule ya Wekoye mwenyewe. Walitoshana nguvu mpaka likabaki swali moja, ambalo Wekoye alilitunga kwa mkono wake: je, 999,919 ni nambari tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe?

Emmy wa Bungoma alijibu kuwa ni tasa. Jerono wa Kitale akasema si tasa. Kabla hajaeleza, Wekoye alimkata kauli, akatangaza Bungoma washindi. Makofi yakajaa ukumbini. Akautafuta uso wa Bhavika, auone ukisawijika.

Bhavika alisimama. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, ongeza themanini na moja, upate milioni. Milioni ni elfu mara elfu. Themanini na moja ni tisa mara tisa. Basi toa tisa kwenye elfu, kisha ongeza tisa kwenye elfu, uzidishe hizo mbili."

Wekoye alikokotoa kichwani: 991 mara 1,009. Alipotunga swali aliigawanya nambari ile kwa nambari tasa moja baada ya nyingine, nayo ikakataa. Alipovuka mia tisa alichoka, akajiambia inatosha. Kumbe 991 ilikuwa mbele kidogo tu.

Hata hivyo hakukubali. Alisema uamuzi wa mwenyekiti haupingwi, na kwamba watu wa Kitale wamezoea fujo. Wazazi wakamuunga mkono. Mmoja akamwambia Bhavika arudi kwenye duka la baba yake akauze misumari. Bhavika hakugeuka hata kumtazama.

Ndipo Emmy akainuka, akashika chaki. Alizidisha 991 kwa 1,009 ubaoni, polepole, akiwapa watu mgongo. Ikatoka 999,919.

"Mwalimu, hatujashinda," akasema, akarudi kuketi.

Wekoye alimpa Jerono kikombe bila kumtazama machoni, kisha akamnyooshea Bhavika mkono kwa kuwa watu walikuwa wakiangalia. Bhavika aliuacha hewani.

"Huyo msichana wako usimguse," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nikisikia umemwadhibu, nitarudi hapa."

"Ondoka shuleni kwetu."

Bhavika aliondoka na wasichana wake. Wekoye akamwamuru Emmy afute ubao. Emmy alichukua mkoba wake, akatoka na wenzake kana kwamba hakusikia. Wazazi nao walitoka wakinong'ona, bila kumuaga. Akaufuta mwenyewe kwa kiganja, kwa hasira, vumbi la chaki likimwingia machoni.