Marehemu Mke wa Bwana Harusi

"Geuka," alisema Bi Mwajabu, na Naima akageuka kwenye mkeka akampa mgongo.

Singo ilikuwa imesagwa ikasagika: liwa, karafuu na maganda ya chungwa. Bi Mwajabu aliisugua kwa kiganja, kutoka mabegani kushuka chini, bila haraka, mpaka chumba chote cha uani kikanukia. Ilikuwa Alhamisi, nyumbani kwa shangazi yake Naima, Mwananyamala. Kesho yake alasiri mwali alikuwa anaozwa.

Bi Mwajabu ni somo. Kwao Keko, mtu akitaka binti yake afundwe akafundika, jina lake ndilo linalotajwa kwanza, naye hajifanyi hajui. Amefunda wali wengi, wapole na watukutu, lakini huyu wa safari hii alimpenda kupita kiasi. Naima hakuwa kigori. Alikuwa mwanamke mzima mwenye saluni yake Sinza, mcheshi, mvivu wa kuamka, na tangu aingizwe ndani walikuwa wanacheka wao wawili hata shangazi akawagongea mlango, akiwakumbusha kuwa chumba cha mwali si kijiwe.

"Somo, naogopa," alisema Naima, uso umelala kwenye mto.

"Unaogopa nini wewe? Mambo yenyewe ulishayaonja, hukungoja hata posa."

Naima akacheka kwa aibu. Mwali hamfichi somo wake kitu, na siku ya kwanza kabisa alikuwa ameshaungama: yeye na bwana harusi, gesti ya Sinza, tena si mara moja. Bi Mwajabu alimkaripia, akamwambia atubu, kisha wakaendelea na mafunzo.

"Naogopa kufananishwa na marehemu mkewe. Anamsifu huyo! Eti mpole, eti biriani yake hakuna. Presha ikamchukua ghafla."

"Mungu amrehemu," alisema Bi Mwajabu kwa moyo safi. "Ampanulie kaburi lake."

"Amin."

"Na mlihakikisha hana mke mwingine?"

"Nilimuuliza mara chungu nzima. Shangazi naye akatuma mtu kwenye nyumba aliyotuonyesha kuwa ndiyo yake, akaambiwa yupo peke yake na mpangaji." Naima alivuta simu kutoka chini ya mto. "Hebu mtazame, somo. Kanitumia picha kavaa joho, anauliza kama linamkaa."

Bi Mwajabu alifuta mikono, akaipokea simu. Alikuwa anajua siku zote kuwa bwana harusi anaitwa Suleiman, na halikumshughulisha. Dar es Salaam imejaa akina Suleiman. Wa kwake yeye alikuwa Tunduru, akitafuta mbao za kutengenezea makochi. Lakini aliyesimama kwenye picha ile, na joho jeusi lenye nakshi ya dhahabu, alikuwa na masharubu ambayo Bi Mwajabu aliyapunguza kwa mkasi wake mwenyewe Jumapili iliyopita.

"Linamkaa?" aliuliza Naima.

"Limemzidi mabegani," alisema Bi Mwajabu.

Aliumia, tena sana. Hata hivyo aliumaliza mgongo, maana mgongo wa mwali hauachwi nusu. Kisha akamwambia Naima apumzike singo ikauke, akavaa baibui lake, akatoka kutafuta bajaji.

Wakili Rabab, binti wa Kikhoja mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akikaa kila Alhamisi kwenye chumba kimoja pale Keko kuwasaidia wanawake bila malipo. Aliwahi kumtetea jirani mmoja wa Bi Mwajabu kwenye mirathi. Alimsikiliza Bi Mwajabu mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nataka nimfungulie kesi mwanamke huyo," alisema Bi Mwajabu. "Sheria inaniruhusu?"

"Inakuruhusu, Bi Mwajabu. Sheria ya Ndoa inakupa haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mumeo. Mume naye anaweza kumdai aliyezini na mkewe. Ni sawa kwa wote."

"Alhamdulillahi. Na Suleiman mwenyewe?"

"Yeye kwa dai hili hashtakiwi. Yeye utamdai talaka ukitaka, hiyo ni kesi nyingine."

"Kwa hiyo nyie mmekaa mkatunga sheria, mkamruka mwenye kosa?"

"Si mie, dada yangu. Ilitungwa sijazaliwa."

Bi Mwajabu aligeuza uso dirishani. Alitaka mtu alipe. Alitaka ijulikane mbele ya hakimu na mbele ya majirani kuwa Mwajabu binti Hija ameonewa, na kwamba si yeye aliyeshindwa kumweka mume, yeye anayewafunda wenzake namna ya kuwaweka waume. Hicho ndicho kilichomchoma kuliko gesti na kuliko joho. Watu wa Keko wangemcheka mpaka wachoke.

"Ushahidi unao?" aliuliza Rabab.

"Kaniambia kwa kinywa chake, nikimsugua."

"Vizuri. Sasa nisikilize. Kama hakujua kuwa bwana ana mke, na hakuwa na namna nyepesi ya kujua, kesi inaanguka. Alijua?"

Bi Mwajabu alimgeukia. "Kaambiwa mkewe kafa."

"Hilo nani anaweza kulithibitisha?"

"Shangazi yake." Akalirekebisha baibui lake. "Na mie. Nimemuuliza mwenyewe asubuhi hii. Hata nimemwombea huyo marehemu kaburi pana."

Rabab alijitahidi kukaza uso, akashindwa. "Nisamehe, Bi Mwajabu. Lakini kwenye kesi hii wewe ndiye mdai, wewe ndiye shahidi wa mdai, na wewe tena ndiye shahidi wa mdaiwa."

"Si naweza kunyamaza?"

"Utaapishwa kwanza."

"Basi imekwisha. Mie nikishaapa, kinywa hiki hakinisikilizi tena."

Wakaangaliana. Aliyeanza kucheka ni Bi Mwajabu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Rabab akamwekea mkono begani, akamwachia alie na kucheka vyote kwa pamoja.

Aliporudi Mwananyamala singo ilikuwa imekauka na Naima anajikuna. Bi Mwajabu alifunga mlango, akamweleza yote bila kuzunguka. Naima alijifunika kanga gubigubi.

"Sasa unanishtaki, somo?" sauti ilitoka ndani ya kanga.

"Ndiko ninakotoka."

"Mie ningekuwa wewe, ningenishtaki."

"Hushtakiki, mwanangu. Nimejaribu." Bi Mwajabu alimfunua uso. "Ukitaka kuwa mke wa pili, dini inamruhusu na wewe inakuruhusu. Sikuzuii. Nimetaka tu uingie macho wazi. Kesho watakuja kukuuliza idhini. Shauri lako."

Naima hakusema kitu. Wala usiku, wala asubuhi alipopakwa hina mpaka kwenye viwiko.

Ijumaa alasiri wanaume walijaa kwenye turubai, na pilau ilikuwa imeiva. Baba mdogo wa Naima, Mzee Mwinjuma, alikuja mlangoni na mashahidi wawili. Kwa desturi, mwali akiulizwa idhini hatakiwi kuropoka. Ananyamaza, akiweza anatoa na chozi, na kimya chake ndicho kibali. Somo aliyekaa pembeni yake ndiye anayesema: "Ameridhia." Bi Mwajabu alikuwa amelisema neno hilo kwa wali wengi, na kila mara kwa furaha.

"Mwanangu Naima," alisema Mzee Mwinjuma, "unaridhia nikuoze kwa Suleiman?"

Kimya.

"Naima, unaridhia?"

Kimya. Mashahidi walianza kutabasamu. Wote walimgeukia Bi Mwajabu. Safari hii neno lile halikumtoka. Mzee Mwinjuma alikuwa keshavuta pumzi ya kusema alhamdulillahi.

"Siridhii!" alisema Naima, kwa sauti ya mwenye saluni anayemwita mteja aliye ng'ambo ya barabara. "Na mwenyewe aje hapa mlangoni nimwambie kwa nini."

Fujo iliyofuata haielezeki. Shangazi aliambiwa sikioni, akashika kifua, akashika kichwa, kisha akashika kiuno, na hapo waliomjua walijua mambo yameiva. Suleiman alipofika, joho limemteremka bega moja, alikuta mlango umefungwa na shangazi amesimama mbele yake.

"Bwana harusi," alisema shangazi kwa upole wa kutisha, "kabla ya yote tumrehemu marehemu mkeo. Alikuwa anaitwa nani, tumsomee Fatiha?"

Suleiman aliinamisha kichwa kwa huzuni aliyokwisha kuizoea. "Mwajabu," alisema.

"Abee!" iliitika sauti ndani.

Mlango ukafunguliwa. Suleiman alirudi nyuma mpaka akamkanyaga shahidi. Wanawake walipiga vigelegele hata waliokuwa jikoni wakaacha miko wakaja mbio, wakauliza, wakaambiwa, wakapiga vyao.

"Mwajabu," alisema Suleiman alipopata sauti, "twende nyumbani tukazungumze."

"Nyumbani wapi? Maiti inakwenda nyumbani?" Bi Mwajabu hakupandisha sauti. Alikuwa ameogopa kwamba akimwona atalia, lakini alichokiona ni mwanamume aliyevaa joho lisilomkaa. Akahisi kifua chake kimekuwa chepesi. "Ulishaniua, Suleiman, nami nimeshafariki. Kilichobaki ni talaka. Mzee Mwinjuma na watu hawa watakushuhudia."

Suleiman aliondoka kwa mlango wa nyuma, na wenziwe waliokuja naye wakabaki, kwa sababu pilau ilikuwa imeiva.

Nje, barabarani, watu wa matarumbeta walikuwa wamekaa juu ya pikapu na vyombo vyao mapajani. Mkubwa wao alimwendea Bi Mwajabu. "Mama, sie tushalipwa. Tupige, ama tuondoke?"

Bi Mwajabu alimgeukia Naima. Naima, na gauni lake lote, alikuwa keshaingia kwenye gari la maharusi lililopambwa maua, mikono ameinyanyua ili asiharibu hina. Alisogea upande mmoja, akapiga kiti kwa kiwiko.

"Ingia, somo," alisema. "Nataka kupita kwa saluni yangu Sinza, kisha nione huko Keko mnakokaa."

Tarumbeta la kwanza lililia kabla mlango haujafungwa. Walipokata kona, mwanamke mmoja mwuza vitumbua alisimama, akapiga kigelegele, akainama kuchungulia ndani ya gari.

"Na bwana harusi yuko wapi?" alipiga kelele.

Bi Mwajabu alishusha kioo mpaka chini, akatoa mkono nje, akampungia.