Nyota ya Sakafuni

Jina la Bikari, kile chombo cha kuchorea duara, binti huyu alilipata shuleni, kwa sababu hakuweza kuona duara asilizungushie jingine. Hata alipokuwa mtu mzima, msanii anayetajwa magazetini, mama yake mzazi alikuwa ameshasahau kumwita vingine. Mama huyo alikuwa mdarizi. Vitambaa vyote vya nyumba yao ya ibada vilipita mikononi mwake, na kila kimoja alikidarizia alama ileile: nyota ya pembe nane ndani ya duara. Nyota hiyo ilikuwa ukutani mbele ya waumini, juu ya mlango, na kwenye shuka la kufunikia maiti. Baba yake Bikari alifunikwa nayo.

Tangu utotoni Bikari alikuwa akiuliza: kwa nini pembe nane? Mama mdogo alimwambia ni milango minane ya mbinguni. Kiongozi wa ibada akasema ni pande nane za dunia. Mama yake alimwambia, "Nitungie uzi kwenye sindano, mwanangu, macho yamechoka." Swali halikumtoka kichwani. Mwishowe likawa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika ukumbi wa maonyesho, kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho, Bikari aliichora nyota ile sakafuni tena na tena kwa unga wa chokaa uliotiwa rangi. Ya kwanza ilikuwa sawasawa na ya ibadani. Iliyofuata ilikosa pembe moja. Nyingine ilivutwa mpaka ikafanana na mtu aliyelala ubavu, na nyingine duara lake lilipasuka, pembe zikatawanyika kama njiti za kiberiti. Wageni walitakiwa wapite juu yake, waifute kwa nyayo zao, huku wakijiuliza ni pembe ipi ikiondoka nyota inaacha kuwa takatifu. Hakuwa anafanya dhihaka. Alitaka kujua kweli, na alikesha miezi akiifikiria.

Ila hakumwambia mama yake. Mama alipouliza atachora nini, Bikari alijibu, "Michoro tu, mama, ya kawaida," na alipoambiwa kwamba mama na mama mdogo wanakuja siku ya ufunguzi, alisema karibuni, huku moyoni akiomba mvua inyeshe.

Mvua haikunyesha. Alasiri hiyo ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye glasi mikononi. Bikari alikuwa upande wa pili akizungumza na mwandishi wa gazeti alipowaona wale dada wawili mlangoni, wamevaa nguo zao za siku kubwa. Mama aliitazama sakafu. Akasimama. Watu wakaanza kubanana nyuma yake.

Kisha akaweka mkono begani kwa mdogo wake, akainama, akavua kiatu cha kulia, halafu cha kushoto. Soksi moja ilikuwa na kiraka kisiginoni. Akaviweka viatu kwapani, akainua sketi kidogo, akaanza kuvuka kwa ncha za vidole, akitafuta mahali patupu kati ya mistari, midomo ikimcheza kwa maneno ambayo Bikari aliyajua hata bila kuyasikia.

Mtu mmoja akacheka chinichini. Mwingine akasema, "Jamani, hii nzuri!" Kamera zikaanza kulia.

"Yule mama ni sehemu ya kazi?" mwandishi akauliza.

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa maneno matatu: ni mama yangu. Lakini Bikari alikiona kile kiraka, akayaona macho ya watu, aibu ikamvaa kama nguo ya kuazima, na ulimi ukatangulia.

"Ndiyo," akasema. "Nimempanga."

Habari ikazunguka ukumbi mzima. Punde si punde wageni nao wakawa wanavua viatu, wanainua suruali na magauni, wanatembea kwa ncha za vidole huku wakisukumana na kucheka. Mama mdogo, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akasema kwa sauti, "Dada, hawa watu wana adabu! Na mimi nilidhani wasomi hawajui kuvua viatu." Mama akatabasamu. Tabasamu lile lilimkata Bikari maini.

Mwandishi alimfikia mama kabla yake.

"Hongera, mama. Mlifanya mazoezi muda mrefu?"

"Mazoezi ya nini, baba?"

"Ya kutembea vile. Msanii ametuambia amekupanga."

Mama akageuka, akamtazama binti yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Halafu akasema, "Aa, hayakuwa mengi. Mimi nikielekezwa mara moja naelewa." Mama mdogo akafungua kinywa, mama akamfinya mkono mpaka akakifunga.

Bikari aliwafuata hadi nje, getini.

"Mama, nisamehe, sikujua nisemeje..."

"Walikuwa wananicheka?"

Alitaka kusema hapana. "Baadhi yao," akajibu.

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Na soksi zenyewe zina kiraka," akasema. "Rudi kwa wageni wako."

Picha ikatoka gazetini, ukurasa mzima, na sifa kemkem kwa msanii aliyebuni kumtumia mwanamke mzee. Bikari hakumaliza kuisoma. Lakini wapo walioimaliza. Baada ya wiki mama mdogo akampigia simu, na safari hii hakuwa na utani.

"Unajua huku kunasemwaje? Eti dada yangu alikubali kuigiza, ili watu waicheze nyota kama mchezo wa watoto. Shuka jipya la maiti wamempa mtu mwingine adarizi. Akiingia, wanawake wanasogea pembeni. Na yeye akiulizwa anajibu ndiyo, binti yangu alinipanga. Mimi nikitaka kusema, ananikata jicho."

Siku ya ibada Bikari akapiga moyo konde, akaenda. Hakuwa amekanyaga pale kwa miaka. Akakaa karibu na mama yake, na ulipofika wakati wa matangazo akasimama. Akaeleza yote: kwamba mama yake hakupangwa na mtu, kwamba alivua viatu kwa imani yake, na kwamba yeye, binti, alimwonea haya mbele ya watu akamkana kwa uongo.

"Kwa hiyo mama yako alitudanganya sisi," kiongozi wa ibada akasema polepole.

Bikari hakuwa amelifikiria hilo. "Alinisitiri mimi. Uongo ni wangu."

"Na nyota?" akauliza mzee mmoja wa mstari wa mbele. "Kuichora ikanyagwe, hilo nalo unalijutia?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hapana, mzee. Lile ni swali langu, na bado ninalo. Ninalojutia ni la mama."

Minong'ono ikapanda. Mama akamvuta gauni. "Kaa chini. Umeshamaliza."

Walipofika barabarani, mama akamgeukia.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Niliona unabeba mzigo wangu."

"Nilikuwa nimeshaumeza. Leo umenitapisha mbele za watu." Akahamisha mkoba bega hadi bega. "Kule ukumbini hukuniuliza. Na hapa hukuniuliza. Mimi ni mtu, si kitambaa chako."

Bikari alikuwa amekuja kuifuta aibu moja, na sasa ana mbili.

Baadhi ya waumini walilegea. Miezi ilipopita, kazi ya mashuka ikarudi kwa mama, ingawa wapo wanawake ambao hawakumsalimu tena vizuri. Bikari aliiondoa picha ya mama iliyokuwa imebandikwa kwenye maonyesho, akamwandikia mwandishi ukweli. Gazeti likautoa kwa mistari miwili isiyosomeka bila miwani. Kwa mama yake aliendelea kwenda, na mama aliendelea kumpokea, kumpakulia, kumuuliza habari za kazi.

Na wageni wakiwepo, mama humtambulisha. "Huyu ndiye binti yangu, yule msanii," husema, mkono wake ukiwa mgongoni kwa Bikari, bila kusita hata kidogo. Bikari husikia masikio yakimchemka, akasingizia kwenda jikoni kuangalia chai.