Tabia za Mzee Gicheru

Mzee Gicheru hakuwa na siri yoyote, na hilo ndilo lililowaudhi watu. Miaka ile ya sabini, bei ya kahawa ilipopanda na kila mtu pale Mukurweini akajiona tajiri wa kesho, walimjia wanaume wazima, kofia mikononi, wakamwomba awaambie alifanyaje mpaka akafanikiwa. Naye akawaambia. Amka kabla ya ndege. Nawa uso kwa maji baridi. Usiseme na mtu mpaka umalize kukama. Kila chombo kirudi kwenye msumari wake. Mtu mwingine asikanyage zizini mwako. Basi, kwisha! Wakatoka pale wakinung'unika ati mzee ni mchoyo, ati ana dawa ya mganga chini ya kitanda. Binadamu huyu! Umpe ukweli mtupu bila malipo, atakuita mwongo.

Watiri, mkewe, angeweza kuwaapia kwamba chini ya kitanda hakukuwa na kitu ila viatu vya kanisani. Yeye alikuwa ameishi na tabia hizo tangu Gicheru atoke kizuizini wakati wa mkoloni, mifupa mitupu, amevaa koti ambalo hata kunguru angelikataa. Huko kambini walikuwa wakiamshwa kwa kipenga gizani, na Gicheru alikula kiapo kwamba akitoka ataamka kabla ya kipenga cha mtu yeyote. Akatoka, akaamka. Akaanza na kuku, akaja kwa mbuzi, akapata ng'ombe wa gredi, wa kizungu mwenye maziwa mengi, wa kwanza upande ule wa mto, na mwishowe nyumba ya mawe ikasimama. Kihara, mwana wao, alisomeshwa na chuchu za ng'ombe mpaka akawa mwalimu kule Embu, na bintiye mdogo, Wamucii, akaletwa alelewe na bibi na babu.

Halafu ilikuwepo ile tabia ya jagi. Kila asubuhi, kabla mkebe wake mkubwa wa maziwa haujafika kwenye jukwaa la chama cha ushirika kando ya barabara, Gicheru alipitia shule ya chekechea iliyokuwa pale ukumbini mwa kanisa, akaacha jagi la maziwa kwa ajili ya uji wa watoto. Bure. Hakuwahi kukosa, hata siku aliyomzika mama yake. Kwa hiyo ukimtaja Gicheru popote kuanzia Mukurweini mpaka soko la Karatina, watu walisema, ah, yule mzee msafi. Karani wa maziwa, Barnabas Simiyu, mtu wa Bungoma aliyempima kila mkulima maziwa yake bila kuona haya, mkebe wa Gicheru alikuwa haupimi. Aliupokea tu na kumuulizia habari za nyumbani.

Mambo yalianza kuharibika mwaka ule wa mvua nyingi, polepole, kama paa linalovuja pembeni.

Asubuhi moja Gicheru alimaliza kukama, akapeleka maziwa, akarudi, akachukua kigoda chake na kuingia zizini tena. Watiri akasikia kishindo. Mzee akatoka akichechemea, ameshika goti.

"Baba Kihara, si umeshakama?"

"Nilikuwa namkagua ng'ombe," akajibu, na macho yake yakakwepa pembeni. Gicheru yule, aliyezoea kumtazama hata mkuu wa wilaya usoni!

Baadaye kidogo akamwita mkewe kwa jina la Waithira. Waithira alikuwa dada yake, aliyekufa zamani, wakati wa hali ya hatari. Watiri akaitika. Angefanyaje, jamani? Aliitika, akaingia jikoni, akaketi karibu na moto na kulia, ili mtu akimuuliza asingizie moshi.

Lakini kilichomtia hofu hasa ni kwamba tabia zenyewe hazikuyumba. Gicheru aliamka gizani vile vile. Alinawa, alinyamaza, alikama, alitundika. Mtu aliyemwona njiani na jagi lake asingegundua lolote. Watiri akaanza kuhisi kwamba mume wake alikuwa akihama nyumbani kidogo kidogo, na tabia zake zilikuwa zimebaki zikimfanyia kazi mwenye mji akiwa hayupo. Na zilivyomficha! Hasemi asubuhi, kwa hiyo hakosei maneno. Zizini haingii mtu, kwa hiyo hakuna anayeona. Yale yale yaliyomfanya awe mtu mbele ya watu ndiyo sasa yalimfunika asionekane anavyopotea.

Naye Watiri akasaidia kufunika. Simiyu alipomwambia, "Mama, mzee leo amenisalimia, akaenda, akarudi akanisalimia tena kama hatujaonana," Watiri akacheka kicheko cha uongo na kusema mzee anampenda tu. Usiku alilala macho wazi akimsikiliza anavyopumua. Aliogopa. Aliogopa kuona siku watu watakapomcheka Gicheru, kwa maana jina la mume wake ndilo lililokuwa mali yao kubwa kuliko ng'ombe na nyumba.

Kisha ikaja habari kwamba bwana kilimo ataleta wakulima kutoka Giakanja, lori zima, waje wajionee mkulima wa mfano. Jumatatu asubuhi. Watakutana na Gicheru pale kwenye jukwaa la maziwa, awaongoze mpaka kwake.

Watiri akakata shauri. Wageni wakishaondoka, alijiambia, nitamwita Kihara kutoka Embu tuketi tuyaseme haya. Wageni kwanza. Lo! Sisi watu wa huku mlimani, nyumba ikiwaka moto tutawaomba wageni wamalize chai ndipo tuite maji.

Jumatatu ikafika na ukungu wake. Gicheru akaamka, akanawa, akaenda zizini. Akarudi na mkebe umejaa, akaupakia kwenye mkokoteni, akachukua jagi, akavaa kofia yake nzuri na kuteremka barabarani. Wamucii alikuwa amekwisha kutangulia mbio, kwa sababu babu yake alimfundisha kwamba aliyefanikiwa ni yule anayefika wa kwanza, na mtoto yule angelia machozi mtu mwingine akimpita kwenye foleni ya uji.

Watiri alibaki nyumbani. Akapangusa viti, akachemsha viazi, akaweka maua mezani. Ndipo akalikumbuka zizi. Wageni wangetaka kuliona, na hakuna aliyelifagia kwa jicho la mwanamke tangu lijengwe. Akachukua ufagio, akasita mlangoni, maana amri ya mumewe ilikuwa bado ina nguvu mwilini mwake. Kisha akaingia.

Ndoo ya maziwa ilikuwa kwenye msumari wake. Aliigusa. Ilikuwa kavu. Kavu kabisa, na ndani buibui wa usiku ule alikuwa amekwisha kuanza kazi yake.

Akatazama huku na huku. Chini ya kigoda ilikuwepo ndoo nyingine, ile yenye rangi nyekundu ukingoni, ndoo ya dawa ya kupe, ambayo Gicheru alikuwa ameikataza isivuke kizingiti cha zizi hata siku moja. Jana jioni alikuwa amemwosha nayo ng'ombe. Dawa ile ikichanganywa na maji hugeuka nyeupe, ukiitazama kwa haraka utadhani ni maziwa. Watiri akainama. Ndani ya ndoo kulikuwa na povu la maziwa limeganda pembezoni, na kutoka chini ikapanda harufu kali iliyomchoma puani.

Alikamia humu. Juu ya dawa iliyobaki.

Ufagio ukaanguka, naye hakuusikia. Jagi! Uji! Wamucii wa kwanza kwenye foleni!

Alikimbia. Mwanamke mzima, mama wa kanisa, kitambaa kimemtoka kichwani, akikimbia kwenye tope la mteremko ule akimwita Mungu na kumtukana Gicheru kwa pumzi moja. Akaanguka, akaamka. Wachuma kahawa waliinua vichwa mashambani wakamuuliza kuna nini, hakuwajibu. Alijilaani kila hatua. Ulijua. Ulijua, Watiri, ukaweka maua mezani!

Alipofika uani mwa kanisa, Mwalimu Khavere, mama mnene mpole kutoka Maragoli, alikuwa amesimama karibu na sufuria kubwa akipakua, pua imeziba kwa mafua, akipenga kwenye leso. Watoto walikuwa wamejipanga. Mbele yao wote, Wamucii ameshika kikombe kwa mikono miwili, amekisogeza mdomoni.

Watiri hakupiga kelele, pumzi ya kelele hakuwa nayo. Alikipiga kikombe kile kwa kiganja. Uji ukaruka, ukamwagikia gauni la mtoto, kikombe kikabingirika. Kisha akaigeukia sufuria, akaisukuma kwa mguu mpaka ikapinduka pamoja na mafiga yake.

"Mama Kihara!" Mwalimu Khavere akapiga ukelele. "Umeingiwa na nini? Hiyo ni chakula ya watoto!"

"Umekunywa?" Watiri alikuwa amemshika mjukuu mabega, akimtikisa. "Wamucii, umekunywa?"

"Sijakunywa, Cucu," mtoto akamlilia bibi yake. "Ilikuwa moto. Nilikuwa napuliza."

"Nani mwingine amepewa? Nani?"

"Hakuna," Khavere akasema, sasa sauti imemshuka. "Huyu ndiye wa kwanza. Lakini hii maziwa ni ya mzee! Hii hata huwa sinusi."

Watiri alikaa chini kwenye tope. Na hapo ndipo alipoona kwamba lori lilikuwa limekwisha kufika. Wakulima wa Giakanja walikuwa wakiteremka mmoja mmoja, wamevaa makoti ya Jumapili, wakimtazama yule mwanamke mwenye tope aliyemwaga uji wa watoto. Bwana kilimo alikuwa amebaki na tabasamu usoni, hajui aliweke wapi. Na kwenye benchi la jukwaa, hatua chache tu kutoka hapo, Gicheru alikuwa ameketi wima na kofia yake, mkebe wake karibu na miguu ya Simiyu.

Angeweza kudanganya bado. Angesema ameona mjusi kwenye jagi. Watu wangecheka, wangesahau, jina lingesalimika. Uongo ulikuja wenyewe mpaka ulimini, kwa kuwa alikuwa ameuzoea. Lakini mkebe ulikuwa pale, na Simiyu alikuwa tayari ameushika kwa mpini ili aumimine kwenye pipa pamoja na maziwa ya watu wengine wote.

"Simiyu, acha!" akasema. "Usiyamwage hapo. Fungua, unuse."

"Mama, hii ni ya mzee..."

"Nimesema unuse!"

Simiyu akafungua kifuniko, akainama. Akarudi nyuma upesi, mkono puani, akamtazama Gicheru kama mtu aliyepigwa kofi na baba yake.

"Mume wangu ni mgonjwa," Watiri akasema kwa sauti, ili wa Giakanja nao wasikie, wasije wakaenda kuulizana njiani. "Akili yake inamtoka. Leo amekamia kwenye ndoo ya dawa ya kupe. Nimejua kwa miezi mingi kwamba yeye si mzima, nikanyamaza kwa sababu niliona aibu. Hiyo ndiyo habari. Sasa nichekeni."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Khavere alianza kuwakusanya watoto kifuani pake, wengi kadiri mikono yake ilivyoweza. Bwana kilimo akavua kofia.

Gicheru akainuka kutoka kwenye benchi. Akaja taratibu, akasimama mbele ya mkewe, akautazama uji ulivyotapakaa kwenye majivu, akamtazama Wamucii na gauni lake lililolowa. Watiri akajikaza, akidhani sasa ataitwa Waithira mbele ya watu wote, au atapigwa. Lakini macho ya mzee yalikuwa yametulia. Alikuwa yeye, Gicheru mwenyewe, aliyekuwa hayupo tangu mvua zile zianze.

"Nilikuwa najua," akasema kwa Kikuyu, polepole. "Nikiamka asubuhi sijui niko wapi, mpaka mikono ishike kitu. Mikono inakumbuka, mimi sikumbuki. Nikasema, niifuate mikono. Nikaona unanitazama, nikashukuru. Nikasema, Watiri ameona, Watiri hawezi kukosa kuona. Siku nitakapotaka kuharibu, yeye atanizuia."

Akamtazama mkewe usoni.

"Mbona umechelewa hivyo?"

Watiri alisimama kutoka kwenye tope, akamshika Wamucii kwa mkono huu na mumewe kwa mkono ule. Wakulima wa Giakanja wakasogea kando kuwapisha. Mwanamume wa kwetu hutembea mbele na mke humfuata nyuma, na ndivyo walivyotembea wawili hao tangu waoane. Siku hiyo Watiri ndiye aliyetangulia, na Gicheru akamfuata.