Chupa Mbili za Meneja

Kiwandani walimwita Kimya, maana hata salamu aliitikia kwa kichwa. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa za kupimia maji, na hakuwa na mchezo na uchafu.

Kiwanda kilishona makoti ya mvua. Dawa inayofanya maji yateleze kwenye koti haiozi; ukiimwaga leo, wajukuu zako wataikuta. Ndiyo maana shangazi yake, fundi wa mitambo, alifunga mtambo mpya. Maji machafu husukumwa kwa nguvu kwenye utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Bomba la kushoto hutoa maji safi. La kulia hutoa maji yaliyobeba dawa yote, nayo hufungiwa mapipani. Kwa kutazama tu, yote ni meupe pe.

Siku hiyo majirani walialikwa, na Meneja alikuwa ameapa kunywa glasi nzima ya yale maji safi mbele yao. Shangazi akakinga chupa mbili, moja kwa kila bomba ili wageni walinganishe, akaziandika kwa chaki, akaenda kutazama pampu. Kimya akaziona mezani. Chaki, mbele ya wageni! Akazifuta zikang'aa.

Shangazi aliporudi, alishika kichwa. "We mtoto! Maandishi yako wapi?"

Meneja alikwishamimina. "Majirani, nishuhudieni!"

"Kunywa basi!" alidakia mama mmoja wa mstari wa mbele. "Miaka yote unatumwagia sisi, leo zamu yako!"

Kimya alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Miguu haikugoma. Alimpokonya Meneja glasi ikiwa mdomoni, akanyakua chupa aliyomiminia, akaiziba kwa kizibo na kuitikisa. Mwosha chupa anajua: chupa za bomba la kulia hutoa povu hata bila sabuni.

Povu likajaa hadi shingoni.

Akatikisa ya pili. Maji yakatulia tuli.

"Lo! Bosi alitaka kuoga tumboni!" mama yule akaangua kicheko.

Meneja aliitazama ile chupa ya pili kama anatazama nyoka. "Labda tuahirishe kidogo…"

Watu wakaanza kuguna. Shangazi akainamisha uso. Kazi yake ya miezi minane ilikuwa inakwenda na maji.

Kimya akachukua glasi mbili safi, akamimina kutoka chupa ile ya pili. Yake akainywa yote, akajifuta mdomo.

"Mimi ndiye niliyefuta chaki, nisameheni," alisema. "Haya, Bosi. Zamu yako."

Meneja akanywa.

"Kumbe anaongea!" mama yule akashangaa.