Saa Nne ya Hamira

Miwani, ndivyo tulivyomwita mkuu wetu, alipomwondoa mpwa wangu maabara na kumpeleka stoo kupanga chupa, niliendelea na kazi yangu. Nilimsubiri.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye aliyetengeneza ile modeli. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo naieleza kama nilivyoelezwa. Ndani ya tangi kuna hamira iliyopandikizwa kazi isiyo yake, kutoa protini ya dawa. Kwanza inalishwa gliserini, inazaana. Gliserini ikiisha inaonjeshwa methanoli, na hiyo ndiyo inayoiamsha itoe protini. Lakini methanoli ni sumu. Ukiizidisha kabla hamira haijaizoea, umeiua. Modeli ni hesabu zinazokuambia hamira imefika wapi na pampu isukume kiasi gani.

Miwani, mkuu wa maabara, alifuta jina la mpwa wangu akaweka lake. Kisha akaita wageni wa kampuni ya dawa waje kuona "modeli yangu". Wakiridhika, wangemchukua awe mkurugenzi.

Sisi wa matangi tuna saa zetu. Gliserini ikiisha, namba ya oksijeni inaruka juu, maana hamira imekosa chakula na haihemi tena kwa nguvu. Hapo ndipo tunapoanza kuhesabu. Saa nne kwetu ni saa ya nne tangu hapo, ukutani iwe saa ngapi shauri yake. Mpwa wangu aliandika maelekezo kwa lugha hiyo hiyo, kwa sababu alikuwa anashinda na sisi. Miwani alikuwa hashuki huku kwenye matangi. Alisema harufu inamuudhi.

Siku ya wageni akashuka, koti jeupe limepigwa pasi. Oksijeni iliruka saa tatu asubuhi, tukaanza kuonjesha methanoli kidogo kidogo.

"Mzee wa matangi," akasema mbele yao, "saa nne panda kiwango cha pili cha methanoli."

"Saa nne, mkuu?"

"Saa nne. Au na kusoma saa nikufundishe?"

Wageni wakacheka kwa adabu.

"Hapana, mkuu. Saa nne."

Saa ya ukutani ilipotimia nne, nikafungulia pampu. Mwenzangu wa tangi la pili alinikodolea macho. Nikamwambia ashike lake. Nilijisikia kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Kabla ya mchana oksijeni ikapanda tena, na safari hii haikushuka. Ndani ya tangi hakukuwa na wa kuivuta.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza kulikoni. Miwani akajifuta jasho, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Kusema kweli, modeli si yangu yote. Kuna msichana yuko stoo. Nilimwamini mno."

Akaagiza aitwe. Yaani jina alimnyang'anya likiwa zima, sasa anamrudishia limeoza. Mpwa wangu akaja na vumbi la maboksi mikononi. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akaelewa.

"Uliandika saa nne, tumefanya saa nne," Miwani akamwambia. "Haya, waeleze wageni."

"Mkuu, kabla hajaeleza," nikasema. "Saa nne kuanzia wapi?"

"Kuanzia wapi nini? Saa nne asubuhi."

Mwenzangu wa tangi la pili alicheka mpaka akashika bomba. Yule mama hakucheka. Alimgeukia mpwa wangu.

"Kuanzia wapi, binti?"

"Gliserini inapoisha, mama. Leo ingekuwa saa saba mchana. Ndiyo sifuri ya modeli, mstari wa kwanza kabisa."

Mama akamtazama Miwani. "Modeli ni yako asubuhi nzima, na hujui sifuri yake iko wapi?"

Miwani akanigeukia mimi. "Wewe ulijua. Umeua tangi zima makusudi. Kazi huna."

"Nilitii, mkuu."

Mpwa wangu alikuwa ameshafungua bomba la sampuli.

"Mjomba, ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo. Hii hamira niliilea mimi."

Akaenda na kichupa chake kwenye hadubini, akainama kutafuta kama imebaki iliyo hai. Mama mgeni akavuta kiti, akakaa karibu naye. Mimi nilibaki namtazama Miwani akikusanya karatasi zake, na sikutaka kupitwa na hata moja.